Mhariri, tuandikieni na gesti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Ukiona barua ni ndefu, kata yanayomhusu mume wangu, yangu uyaache.

Ukurasa wenu wa safari umeuliza Jumamosi mbili mfululizo kwa nini Watanzania hatutembei. Chini ya swali mkaweka picha ya hema lenye beseni la shaba la kuogea, bei kwa dola, kwa mtu mmoja, kwa usiku mmoja. Mimi nimeuza samaki soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, miaka 27. Fedha ile ni mtaji wa mtu. Mlikuwa mmeshajijibu wenyewe, ila hamkuona.

Sisi tumetembea. Mwezi wa saba mwaka 2024, mimi na baba watoto, siku 12 kwenda na kurudi, kwa gari letu, Escudo ya mwaka 1999, kutoka Kirumba hadi Ziwa Turkana kaskazini mwa Kenya. Yeye ni dereva mstaafu wa malori. Alibeba marobota ya pamba kutoka usukumani hadi bandari ya Dar es Salaam, akirudi na kontena, mpaka mgongo ulipomgomea. Kwa hiyo ndoa yetu ya miaka 33 yeye ameilea barabarani na mimi mwaloni. Alipotua nyumbani moja kwa moja tukajikuta hatujui kukaa wawili sebuleni. Anahama kiti, nahama kiti. Siku moja akasema, "Mama, panda kiti cha utingo tuondoke."

Pa kwenda nilichagua mimi, na sababu ni samaki. Zamani kidogo afisa uvuvi alitupa semina pale mwaloni, akatueleza kwamba sangara si mwenyeji wa ziwa letu. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kwao hasa ni mto Nile na maziwa kama Albert na Turkana. Wenzangu waliendelea kuchati na simu. Mimi neno lile lilinikaa. Sangara amesomesha wanangu watatu, ameezeka nyumba yangu, na sijawahi kuona kwao? Nikauliza Turkana ni nchi ya namna gani, nikaambiwa ni jangwa. Samaki jangwani! Hapo ndipo nilipoamua.

Usiku wa kwanza tulilala upande wetu, mji mmoja kabla ya mpaka wa Sirari. Sitautaja, wala gesti yenyewe. Tumefika saa mbili usiku, vumbi kichwani, dada wa mapokezi akatuamkia vizuri kabisa, shikamoo mama, shikamoo baba, halafu bila kupepesa macho akauliza, "Ni ya kulala au ya kupumzika?"

Msomaji aliyewahi kulala gesti anajua maana yake. Mimi nina umri wa miaka 60, Mhariri. Nina kitenge cha Umoja wa Wanawake wa kanisani. Baba watoto akajibu kwa sauti ya kituo cha mizani, "Ya kulala." Likaletwa daftari lile kubwa lenye mistari: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, sahihi. Akajaza yake, kisha akanijazia na yangu, na kwenye kazi akaandika "Mke". Nikamnyang'anya kalamu, nikafuta, nikaandika "Mfanyabiashara". Kwenye unakokwenda alikuwa ameandika "Jangwani". Dada akasoma, akainua uso, akauliza, "Jangwani pale kwa Yanga?"

Chumba kilikuwa selfu, sawa. Feni ya juu inazunguka kwa kusitasita kama mtu anayekumbuka deni. Ndoo, kopo, kipande cha sabuni, kandambili mbili zote za mguu wa kushoto, na kwenye droo ya meza Agano Jipya na pakiti za kinga zimelala pamoja kwa amani. Hayo yote nayasamehe. Nisilosamehe ni saa nne na nusu usiku, tumeshashika usingizi, mlango unagongwa kwa funguo: "Muda umeisha!" Baba watoto akaruka akidhani yuko kwenye foleni ya kupakua. Kumbe mhudumu wa zamu ya usiku hakusoma daftari, akaona wawili na gari, akahesabu saa mbili. Aliomba radhi. Lakini saa sita aligonga tena, safari hii chumba cha jirani, na ukuta ule ni wa kadibodi.

Mpaka tulivuka asubuhi, pasi zikagongwa mihuri, bima ya kadi ya njano ikaangaliwa, tukaingia Isebania. Migori, Kisii, Kericho na mashamba yake ya chai, Nakuru. Sina la kusema, ni kijani na malori. Nanyuki tulivuka mstari wa ikweta. Pale kuna vijana wana beseni lenye tundu na kijiti cha kiberiti: upande huu maji yanazungukia kulia, hatua chache upande wa pili yanazungukia kushoto, lete fedha. Baba watoto alisimama akamtazama kijana mikono, si maji. Akanambia pembeni, "Anayazungusha wakati wa kumimina." Tulimpa fedha hata hivyo. Kazi ni kazi.

Baada ya Isiolo nchi inavua nguo. Miti inakuwa miiba, miiba inakuwa mawe. Lami iko safi mpaka Moyale kwenye mpaka wa Ethiopia, na madereva wa zamani wanasimulia jinsi njia hii ilivyokuwa ya vumbi, malori yakienda kwa msafara wenye askari kwa hofu ya majambazi. Unaupita mlima Ololokwe umesimama peke yake, kichwa bapa kama meza ya bucha. Sisi wa Mwanza tunajidai na mawe yetu, lile la Bismarck tumeliweka kwenye kila kadi ya salamu. Nakiri kwamba pale nilinyamaza.

Nirudi kwenye malazi maana ndiyo hoja yangu. Isiolo tulilala kwa mzee mmoja wa Kiborana, nyumba ya vyumba kumi imezunguka ua. Hakuuliza kabila wala kazi. Aliuliza mambo mawili: "Gari litalala ndani?" na "Mtaamka saa ngapi?" Basi. Geti likafungwa na komeo la chuma. Alfajiri kabla ya adhana kuisha kukawa na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia mlangoni. Choo kilikuwa cha shimo, nje, kimemwagiwa majivu, hakina harufu. Kwa fedha yetu haikufika shilingi 20,000. Huyo anajua msafiri ni nani.

Marsabit ni mlima wenye msitu na ukungu katikati ya ukame, asubuhi unavaa sweta. Msitu ule uliwahi kuwa na tembo aliyeitwa Ahmed, mwenye pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe, akawekewa walinzi usiku na mchana hadi alipokufa mwaka 1974. Baba watoto alisema tembo yule alilala vizuri kuliko sisi: hakuna aliyemgongea mlango.

Kutoka hapo tulichukua kijana wa kutuongoza, tukateremka Maikona kuelekea Kalacha, tukaingia jangwa la Chalbi. Hapa nataka niandike taratibu.

Zamani sana Chalbi ilikuwa ziwa. Limekauka, likabaki sakafu, weupe wa chumvi hadi macho yanapoishia. Mvua kubwa ikinyesha sakafu ile inashika maji tena na gari halipiti. Sisi tulikuwa kiangazi. Kijana alitushusha tupunguze upepo wa matairi. Nikakanyaga: ganda la juu lilivunjika chini ya kandambili kama ukoko wa wali sufuriani, na chini yake udongo laini wa kijivu. Nikachukua kipande nikalamba, kwa sababu ni tabia yangu ya sokoni kulamba chumvi kabla ya kununua. Chumvi kali yenye uchungu nyuma yake. Kayabo, yaani sangara wa kukaushwa kwa chumvi, ya namna hiyo Kongo wangeirudisha.

Halafu nikaona maji. Naapa, Mhariri. Mbele kushoto, ziwa pana limetulia, lina rangi ya saa kumi jioni pale Kamanga, na juu yake vitu vyeusi vimesimama kama mitumbwi inayongoja upepo. Nikamwambia baba watoto, "Si ulisema ziwa bado mbali?" Yeye kimya. Kijana akacheka akasema wote hufanya hivyo. Yalikuwa mazigazi, na mitumbwi ilikuwa ngamia. Mimi nimezaliwa Ukerewe, nimeoga ziwani kabla sijajua kutembea, nikadanganywa na mchanga kuhusu maji! Tulisogea, ziwa likasogea, tulisimama, likasimama. Mwisho nilifumba macho.

Kalacha tulilala kibandani. Ni kibanda cha duara cha Wagabra, wafugaji wa ngamia, ambao huhama na nyumba zao mgongoni mwa mnyama. Fito zimepindwa, juu yake mikeka ya katani, ngozi na turubai, kamba zimefungiwa mawe ili upepo usiondoke na chumba pamoja na mteja. Kitanda ni fito na ngozi. Mlango ni mkeka unaoning'inia, hauna kufuli, na mimi nina fedha yote ya safari kiunoni. Nikamuuliza mama mwenyeji nifunge na nini. Hakunielewa kwanza. Kisha akasema, "Nani atakuja?" Akaonyesha pande zote nne, na kweli pande zote nne hapakuwa na mtu.

Daftari halikuwapo. Alituuliza majina, akayarudia mara mbili ili yamkae, akaondoka na taa yake. Usiku upepo ulikuwa moto, baba watoto akakoroma tangu isha hadi alfajiri, na nilipoamka kuna kichwa cha ngamia kimeingia nusu ya mlango, kinatafuna, kinanitazama kama mhudumu anayetaka kujua kama tunaongeza siku.

Njia ya North Horr kwenda Loiyangalani ni mawe meusi ya volkano. Shokapu ya nyuma ilikufa hapo, na pancha mbili. Nayapita.

Loiyangalani maana yake ni mahali penye miti mingi, nasi tuliiona ile miti, mikoma, imezunguka chemchemi ya maji matamu, kabla ya kuliona ziwa. Ziwa lenyewe ni la kijani. Si kijani cha magugu maji yetu, ni kijani cha chupa. Nikaenda moja kwa moja ufukweni, nikachovya mikono: maji yanateleza vidoleni kama umeshapaka sabuni. Nikaonja, magadi matupu. Turkana ni ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyo jangwani. Mto Omo kutoka Ethiopia ndio unaolijaza karibu lote, na hakuna mto unaotoka. Maji yanaingia, jua linayachukua, chumvi inabaki. Zamani za kale liliungana na Nile, ndiyo sababu lina mamba na samaki wa Nile.

Na samaki nikamkuta. Chini ya banda la makuti mama mmoja wa Kiturkana, shanga zimepanda shingoni hadi kidevuni, ana sangara watatu juu ya gunia na rundo la waliopasuliwa mgongoni, wametiwa chumvi, wamekauka kama mbao. Kayabo! Mkato ule ule, mkunjo ule ule wa mkia. Nilisikia miguu yangu imefika kazini.

Nilimwinamia yule mkubwa. Nikafunua shavu, matamvua mekundu, wa leo. Nikabonyeza ubavu kwa dole gumba, nyama ikarudi. Jicho ni lile lile lenye mng'ao wa njano. Nikauliza anaitwaje hapa. Akasema, "Mbuta," jina wanalotumia wachuuzi wa Kenya. Nikamwambia kwetu ni sangara. "Sangara," akalionja mdomoni, akacheka.

"Kwenu wapi?"

"Mwanza. Ziwa Victoria."

"Na huyu huko alifikaje?"

"Alipelekwa. Wakati wa wakoloni."

Akamgeuza yule samaki upande wa pili, akafukuza nzi. "Kumbe naye ni mgeni huko. Mlimpa pa kulala?"

Nikamwambia, "Alijipa mwenyewe. Akala wenyeji."

Tulicheka mpaka baba watoto akaja kuangalia. Lakini mimi usiku nilifikiri. Mama yangu Ukerewe alikuwa akikaanga furu, vile visamaki vidogo vya kila rangi, unavila na miiba yake. Sangara walipofurika miaka ya 1980, furu wakatoweka, aina kwa mamia, na sisi tukapata viwanda vya minofu, mabondo ya tumboni mwa samaki, mapanki yanayobaki minofu ikishatolewa, magari ya barafu, ada za shule. Siwezi kumlaani aliyenilisha. Ila mama hakuwahi kumpenda. Alisema ana mafuta kama nguruwe.

Tulimnunua nusu yule mkubwa, mwenye loji akatuchemshia kwa chumvi tu, hata nyanya hakuna. Nyama yake ngumu kidogo kuliko ya kwetu. Tulikula tumekaa juu ya kitanda, kwa sababu Loiyangalani kwa joto lile vitanda vinatolewa nje uani, wageni wote, neti zimefungwa kwenye mikoma, mkilala mnasikia mnavyopumua. Kulikuwa na madereva wawili wa malori ya samaki, mwalimu anayehamia kituo kipya, na sisi. Baba watoto na wale madereva walizungumza springi na tairi mpaka saa saba. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo nyumbani.

Wakati wa kurudi tulipita kwenye shamba la upepo. Minara 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka, ina uwezo wa megawati 310, na upepo wa pale unaisukuma bila kuchoka. Aliyehesabu alifika 60 akaacha. Ili kuipeleka ile minara walitengeneza barabara zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis, ndiyo iliyoiokoa Escudo yetu na shokapu yake ya kuazima.

Na usiku huo, kimji kidogo kwenye lami, chumba kilikuwa kontena la meli la futi 20. Limekatwa dirisha, limepakwa rangi ya bluu, kitanda kimoja, soketi moja ya kuchajia simu. Milango mikubwa ya nyuma ndiyo mlango. Baba watoto alipapasa nondo za kufungia, akasoma namba zilizobaki chini ya rangi, akasimama muda. "Miaka yote nimeyabeba," akasema, "leo nimepakiwa mimi." Lilikuwa la moto kama tanuri ya mkate mpaka usiku wa manane. Hata hivyo ndilo analolisimulia kwa wenzake kila siku pale kijiweni.

Sasa Mhariri, ninachotaka ni hiki. Kando ya lile hema la dola, wekeni safu ndogo kila wiki ya gesti za njiani. Si lazima picha. Andikeni bei kwa shilingi. Kama kuna maji au ni ndoo. Gari linalala wapi. Choo kiko ndani au nje. Na kama ni nyumba ya kulala au ya kupumzika. Hilo la mwisho liandikwe kwa herufi kubwa. Sina ugomvi na wanaopumzika, kila mtu na mapumziko yake, na najua biashara ya gesti haiendeshwi na wazee wanaokwenda jangwani. Lakini mwenye gesti akitenga hata vyumba vitatu vya nyuma, akamwambia mhudumu wa usiku asome daftari, sisi tutafika. Tuko wengi. Mwaloni nimeshaulizwa na wanawake wanne wanaotaka kwenda na waume zao, na swali lao la kwanza halikuwa mafuta wala pasi. Lilikuwa, "Mlilala wapi?"

Mwakani, Mungu akipenda, tunataka kwenda Ziwa Natron, tuone na Oldonyo Lengai, tupitie Mto wa Mbu na Engaruka. Escudo imepata shokapu mpya nne. Kama kuna msomaji wako amepita njia hiyo na anajua pa kulala karibu na Engaresero, pasipo pa dola, penye geti la gari, atuandikie kupitia gazeti hili. Aseme na kama wana neti, maana mume wangu ameshazoea kulala nje.

Wako,
Mchuuzi wa samaki mstaafu,
Kirumba, Mwanza